Upepo wa Jua na Redio ya Chitete

Norwei ya Kaskazini,
5 Februari 1989

Mama Brenda mpenzi,

Barua yako ya Krismasi imenifikia jana. Imelowa pembeni, lakini maneno yote yanasomeka. Niliisomea mlangoni, koti likiwa bado mwilini na theluji mabegani, maana nilishindwa kungoja hata nivue viatu.

Kwanza nikutoe hofu. Huyo Mwalimu Watson aliyekwambia kwamba watu wa huku huingiwa na wazimu kwa sababu ya giza, amesema alichosikia. Giza lipo kweli. Jua lilitupotea mwishoni mwa Novemba, likachungulia majuzi tu, jekundu, kisha likazama upesi kama mtu aliyekosea nyumba. Lakini akili yangu ni ileile uliyoiaga Tunduma. Nakula, nasali, nasoma. Kinachoninyima usingizi ni mvua za Machi na mto Momba, na wewe kuwa ng'ambo ya mto huo na mtoto wa miaka sita, peke yenu katika nyumba ya zahanati.

Brenda ameuliza baba anafanya kazi gani kwenye barafu. Mwambie hivi: jua halitupi mwanga na joto tu, linapuliza pia. Upepo wake si huu wa kwetu Ileje unaolaza migomba. Ni wa chembe ndogo sana zenye umeme, na hutumia siku mbili tatu kufika duniani. Dunia nayo ina sumaku yake inayotukinga, kama ua unavyokinga boma. Ila upepo huo umebeba sumaku yake mwenyewe. Sumaku hiyo ikielekea kaskazini, upepo hupita pembeni bila vurugu kubwa. Ikigeuka kuelekea kusini, ua hufunguka. Nguvu inaingia, inashukia kwenye ncha za dunia, na ile hewa ya juu kabisa yenye umeme inavurugika. Inakatika mabonge, inazunguka, mizunguko mikubwa inazaa midogo, kama mto Songwe unapopiga mawe. Sisi hapa tunatupa mawimbi ya redio juu, tunasikiliza yanavyorudi, na kwa njia hiyo tunajua anga limechafuka kiasi gani.

Swali nililopewa nilijibu ni hili: je, uchafukaji huo unatoka huko huko kwenye jua, ukiletwa na upepo uliokwisha kuvurugika njiani? Au upepo unafungua ua tu, na hewa yetu inajivuruga yenyewe? Wakubwa wanabishana. Mimi nasikiliza na kuandika.

Niambie kama redio ya zahanati, ile ya kuitia gari la hospitali, inafanya kazi. Nikijua redio ni nzima, ninapumua.

Mumeo,
Tuntufye


Chitete,
2 Machi 1989

Baba Brenda,

Tumeipata. Brenda amemwambia kila mtu kwamba baba yake anasikiliza jua likipuliza. Wengine wamecheka, bibi mmoja ameguna.

Mimi sikucheka. Maneno yako ya ua kufunguka nimeyaota. Niliota uko uwanjani na kitu kinashuka juu yako, nami nakuita, hunisikii. Naomba barua nyingine uniandikie unakula nini.

Huku mvua haijapumzika. Malori yanayotoka Tunduma yanaleta bidhaa mpaka unashangaa, siku hizi sabuni na sukari zipo hata kwenye vibanda, lakini malori hayo hayo yanakwama kwenye matope na dawa zetu hukwama nayo. Redio ni nzima. Betri inachajiwa na ile sahani ya jua waliyotufungia juu ya paa. Kila asubuhi Kasiani, mpiga redio wa hospitali ya misheni, anaita vituo vyote jina kwa jina, nasi tunaitika kama watoto wa shule. Nikiwa na mgonjwa mzito namwambia, gari linakuja mpaka ukingo wa pili wa mto, sisi tunamvusha mgonjwa kwa mtumbwi.

Ninaye mama mmoja anayenitia wasiwasi. Anaitwa Stamili, mke wa Makoye, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia bondeni kwetu na ng'ombe wake mwaka juzi. Mtoto aliye tumboni mwake amelala mkingamo na hataki kugeuka. Nilimsihi Makoye ampeleke hospitali mapema akangojee huko. Akasema, "Nesi, nikimpeleka sasa, nani atakama?" Nimemwambia basi uchungu ukianza tu amlete, usiku au mchana, nipige redio. Amekubali.

Kwa hiyo nami nakwambia kama ulivyoniambia: redio ikiwa nzima, ninapumua.

Baba yako mzee Yesaya anakusalimu kutoka Ileje. Anasema kahawa imechanua vizuri.

Wako,
Jenista


Norwei ya Kaskazini,
14 Machi 1989

Mke wangu!

Sijalala, wala sitaki. Tangu jana anga limetuangukia. Hakuna neno jingine. Upepo wa jua umetupiga kwa nguvu ambayo hata mwalimu wangu anayenisimamia hapa, mwenye mvi kichwa kizima, hajawahi kuiona. Mianga ya kaskazini ambayo huwa ya kijani ilikuwa myekundu kama damu, ikafunika anga lote, ikashuka mpaka nchi za kusini ambako watu hawaijui. Kwenye rada, ile mitambo yetu ya mawimbi, kila kitu kilitibuka. Mawimbi tuliyoyatupa yalirudi vipande vipande. Redio za meli hazisikii, sindano za sumaku zimegoma kutulia. Mwalimu wangu, mtu asiyejua kucheka, alinikumbatia!

Hii ndiyo dhoruba ambayo mtu wa kazi hii huingoja maisha yake yote, nami imenikuta mwaka wangu wa kwanza. Nilitoka nje, nikatazama juu, nikasema asante. Jenista, Mungu ametukumbuka. Furahi pamoja nami.

Tuntufye


Norwei ya Kaskazini,
30 Aprili 1989

Mama Brenda mpenzi,

Sina barua yako tangu ile ya tarehe mbili Machi. Najua posta, najua mvua, nimejiambia yote hayo. Lakini mwenzangu wa chumbani sasa anafika kwenye sanduku la barua kabla yangu ili asinione ninavyorudi mikono mitupu. Brenda anaumwa? Wewe unaumwa? Andika hata mstari mmoja. Yule mke wa Makoye alijifungua salama?

Tuntufye


Ileje,
20 Aprili 1989

Baba Brenda,

Hatujambo. Brenda hajambo, ameota meno mawili ya mbele. Tuko kwa baba yako kwa mapumziko, nimechukua likizo kidogo. Kahawa inaendelea vizuri.

Barua yako ya furaha nimeipata.

Jenista


Norwei ya Kaskazini,
21 Mei 1989

Jenista mke wangu,

Nimeisoma barua yako ya tarehe ishirini Aprili, iliyopishana na yangu njiani, mpaka nimeikariri, na haina kitu cha kukariri. Tangu nikujue hujawahi kuchukua likizo msimu wa mvua. Mwaka ule ulipougua homa ulikuwa unawachoma wagonjwa sindano huku wewe mwenyewe unatetemeka. Leo uko Ileje unatazama kahawa?

Na hukuandika lolote kuhusu Stamili. Na hukuandika "wako".

Kama nimekukosea, niambie. Kama kuna mtu amekukosea, niambie pia. Kimya hiki kinanitafuna. Juzi nilikosea kusoma kipimo mara mbili, mwalimu akaniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo, maana sikujua jina jingine la hali hii.

Nimemwandikia na baba. Usikasirike.

Tuntufye


Ileje,
18 Juni 1989

Mwanangu Tuntufye,

Barua yako imefika, imesomwa na mimi mwenyewe, siyo na mtu mwingine, maana ulichouliza si cha kusomewa.

Mkeo hayuko likizo. Amesimamishwa kazi. Alinikataza nisikwambie, akisema, "Baba, akijua ataacha shule apande ndege." Nikamtii kwa muda. Lakini umeniuliza kwa jina la Mungu, nami ni mzee, siwezi kudanganya kwa jina hilo.

Habari ni hii. Ile Jumatatu ya tarehe kumi na tatu Machi, yule Makoye alimleta mkewe zahanati, uchungu umemshika. Jenista anasema aliita kwenye redio, hakujibiwa. Akafunga zahanati, akamvusha mgonjwa mtoni, wakakaa ng'ambo bila gari mpaka likapita lori la mahindi. Mama alipasuliwa akapona. Mtoto alikuwa amekwisha kufa.

Sasa wakati zahanati imefungwa, kuna watu walileta mtoto mwenye degedege wakakuta kufuli. Mtoto yule alipona, lakini wazazi walilalamika. Wakaja wakaguzi wawili. Wakamwuliza Kasiani wa redio, "Ulisikia wito wa Chitete siku hiyo?" Akajibu hakusikia. Wakasema basi nesi hakuita. Ameondoka kituoni kwa akili yake, na sasa anasingizia redio. Redio ilipopimwa ilikutwa nzima, betri imejaa. Mwezi wa Septemba watakaa kuamua kama anafukuzwa.

Hapa nyumbani anaamka kabla ya jogoo, anachukua jembe, analima mpaka namnyang'anya. Jana nilimkuta amekaa chini ya mgomba na barua yako mkononi, ile uliyoandika Mungu ametukumbuka.

Mimi sijui mambo ya hewa ya juu. Ila nimeona tarehe zinafanana.

Baba yako,
Yesaya


Norwei ya Kaskazini,
9 Julai 1989

Jenista,

Baba ameniambia. Usimlaumu.

Sijui nianzie wapi. Nilisimama nje nikatazama juu nikasema asante, na saa hizo hizo wewe ulikuwa umeshika mdomo wa redio unaita. Nilikuandikia ufurahi pamoja nami. Tangu nilipoisoma barua ya baba, kila nikikumbuka neno hilo uso unaniwaka.

Siku ile ile niliyopata barua nilikwenda kwa mwalimu wangu. Nikamwambia, naomba uniandikie cheti kwamba dhoruba ya jua ndiyo iliyonyamazisha redio ya mke wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Una hakika?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Usinijibu kama mume. Nijibu kama mwanafunzi wangu."

Basi nikujibu wewe kama nilivyomjibu yeye. Uchafukaji tunaoupima sisi ni wa kwenye ncha ya dunia. Ninyi mko karibu na ikweta, mbali mno. Lakini dhoruba ikiwa kubwa kama ile, madhara hayabaki huku. Hewa ya juu ya nchani inapashwa moto, inavimba, inasukuma mawimbi kuelekea ikweta kama jiwe likitupwa bwawani, na baada ya saa chache tabaka lile linalorudisha sauti za redio chini linatikisika hata juu ya Chitete. Likipungua nguvu, sauti yako haigeuzwi kurudi ardhini. Inapenya inakwenda zake. Redio ni nzima, betri imejaa, na maneno yanapotea juu.

Hilo linawezekana. Lakini siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Hata upepo wenyewe wa saa zile haukupimwa sawasawa, chombo kilichokuwa angani kikiupima kimeacha pengo katika vipimo vyake. Nikiandika "nina hakika" nitakuwa naongopa, na mtu mwerevu akiuliza swali moja tu, uongo wangu utakuangukia wewe.

Ila kuna kitu ambacho hakihitaji mimi niape. Dhoruba haichagui kituo kimoja. Kama ilinyamazisha Chitete, ilinyamazisha na wengine. Kasiani aliulizwa kama aliisikia Chitete, akasema hapana. Je, kuna aliyemwuliza kama siku hiyo alimsikia mtu yeyote?

Mwulize hilo, mke wangu. Kama alivisikia vituo vingine vyote, basi mimi sina la kusema, na tutatafuta njia nyingine.

Ukisema nirudi, narudi. Nauli nitaazima.

Tuntufye


Ileje,
6 Agosti 1989

Tuntufye,

Usirudi. Mtoto wa Stamili hatafufuka kwa wewe kushuka kwenye ndege.

Unataka kujua, basi jua. Asubuhi ile Makoye alimleta kwa mkokoteni wa ng'ombe, amelowa, miguu ya ng'ombe imezama kwenye matope mpaka magotini. Nilimpima Stamili, nikakuta mkono wa mtoto umetangulia. Nikakimbilia redio. Taa yake iliwaka vizuri. Nikaita. Nikasikia mvumo tu, kama mvua juu ya bati. Nikaita tena, nikabadilisha masafa, nikaita mpaka sauti ikakauka. Makoye alikuwa amesimama dirishani.

"Nesi, hao watu wamelala?"

"Hawajalala. Hawanisikii."

"Sasa?"

"Ngoja kidogo. Watasikia."

Hilo ndilo linaloniua, Tuntufye. Nilimwambia angoje. Niliiamini redio. Nilingoja nikaita, nikangoja nikaita, na jua likapanda. Mwishowe Stamili mwenyewe ndiye aliyesema, "Mimi sifii hapa nikisikiliza hicho kitu. Nibebeni." Tukambeba juu ya kitanda mpaka mtoni. Ng'ambo hakukuwa na gari, maana hakuna aliyesikia nikiliita. Tulikaa pale kwenye matope, nimemshika mkono, nasikiliza moyo wa mtoto kwa kile kipembe changu. Nilikuwa nausikia. Baadaye ukawa wa polepole. Kabla lori halijafika, sikuusikia tena, na Stamili alinitazama, nami nikamwambia uongo kwamba bado upo, ili awe na nguvu ya kupanda lori.

Alikuwa wa kiume.

Wiki tatu baadaye ndipo barua yako ikaja, na sauti yako ndani yake kama ya mtu harusini. Sikukuchukia. Nilitaka kukuchukia ikanishinda, basi nikanyamaza.

Sasa unasema nimwulize Kasiani. Naogopa. Akisema alivisikia vituo vyote, itakuwa mimi sikujua kuitumia redio, na mtoto yule nitakuwa nimemwua kwa mikono yangu. Leo angalau sijui. Umeniletea swali ambalo jibu lake linaweza kunimaliza, na wewe uko mbali kwenye barafu.

Nitafikiri.

Jenista


Tunduma,
24 Septemba 1989

Baba Brenda,

Nakuandikia nikiwa hapa mtaa wa Chapwa kwa dada yangu Teresia, nangoja lori.

Nilikwenda. Sikwenda peke yangu. Makoye alisikia kwamba kikao kimekaribia, akapanda mpaka Ileje kunitafuta. Alikuwa hajawahi kufika milimani, baridi ilimtesa. Akamwambia baba yako, "Nimekuja kumchukua nesi wetu." Tukaenda pamoja hadi misheni.

Kasiani tulimkuta anafuta vumbi kwenye redio yake. Aliponiona akainamisha kichwa. Nikamwambia sikuja kugombana, nina swali moja.

"Jumatatu ile ulimsikia nani?"

"Niliwaambia wakaguzi. Chitete sikuisikia."

"Sikuulizi Chitete. Ulimsikia nani?"

Akakaa. Nikashika meza. Akasema polepole, "Hakuna. Niliita majina yote, hakuna hata mmoja aliyeitika. Mbeya hawakuitika. Mvumo mtupu. Kesho yake vilevile. Nikajua redio imenifia mikononi, na nilikuwa nimekwisha kuonywa kwamba ikiharibika nitaondoka mimi. Jumatano ikarudi yenyewe. Nikamshukuru Mungu, nikakaa kimya. Wakaguzi hawakuniuliza zaidi."

Nilitoka nje nikakaa chini kwenye udongo. Makoye akaniletea maji.

Kikaoni Kasiani alisema yote. Wakatuma watu kuuliza vituo vingine, navyo vikasema hivyo hivyo: siku mbili kimya, kila mmoja akidhani ni yake tu iliyoharibika. Barua yako niliisoma mbele yao, pamoja na pale uliposema huwezi kuapa. Mkubwa wao alitikisa kichwa, akasema, "Huyu angetaka kudanganya asingeandika hivi." Kisha akamwuliza Makoye ana la kusema. Makoye alisimama, kofia mkononi. Alisema, "Aliyekufa ni mwanangu. Kama kuna mwenye haki ya kumlaumu nesi, ni mimi. Nami nilikuwa dirishani nikimwona anaita. Simlaumu." Akakaa.

Nimerudishwa kazini.

Stamili, aliyekuwa amemfuata mumewe kikaoni, nilimweleza habari ya jua kama ulivyonieleza. Alisikiliza huku anasuka mkeka. Akaniuliza, "Mumeo huwa anaiona dhoruba hiyo ikianza kuja?" Nikasema mara nyingine. Akasema, "Basi apige kelele. Ng'ombe akielekea shambani kwa watu, anayemwona ndiye hupiga kelele, hata kama si wake."

Nimefikiri maneno hayo njia nzima. Kelele zako zitafika kwetu zimechelewa, posta ni posta. Ila nimepatana na hospitali jambo moja, na Kasiani amenisaidia kulitetea. Zamani kimya chetu kilikuwa na maana kwamba hatuna mgonjwa. Kuanzia sasa, kituo kisipoitika tangu asubuhi hadi saa sita mchana, gari linaondoka bila kuitwa. Mganga mkuu wa hospitali alilalamika kuhusu mafuta. Nikamwambia habari ya moyo wa mtoto ule. Akasaini.

Sikwambii kwamba yamekwisha. Bado nikisikia mvua kwenye bati nashtuka. Ila nimeona nikuandikie kwa mkono wangu: soma, umalize. Jibu swali lako.

Wako,
Jenista


Norwei ya Kaskazini,
22 Oktoba 1989

Mama Brenda wangu,

Jua limelipuka tena. Tangu juzi rada haitulii na mianga imefunika anga. Wenzangu wamefungua chupa. Nilikaa nao dakika chache, kisha nikarudi kwenye kiti changu, nikawa nahesabu vituo vyenu kichwani.

Nilikimbia posta kupeleka simu ya maandishi. Mama wa posta akaniuliza itafika wapi, nikasema Tunduma, na kutoka hapo kwa lori mpaka Chitete. Akanitazama kwa huruma. Nikapeleka hivyo hivyo. Nimepiga kelele, hata kama hamtasikia.

Swali langu limeanza kujibika. Nimelinganisha dhoruba nyingi ndogo ambazo upepo wake ulipimwa vizuri. Sumaku ya upepo ikigeukia kusini, baada ya muda mfupi anga la nchani linatibuka, na kadiri inavyokaa kusini ndivyo mizunguko mikubwa inavyopata nguvu. Lakini ile midogo, inayokata sauti za redio, inaonekana kuzaliwa humu humu kwetu, kutokana na ile mikubwa. Yaani upepo unafungua ua, na vurugu nyingine tunaimalizia wenyewe. Mwalimu anasema ni mwanzo mzuri. Mimi nasema laiti ningejua kilichotokea Chitete jana. Hakuna chombo cha kunipimia hicho.

Wamenipa mwaka mmoja zaidi, kutafuta njia ya kuonya watu mapema. Sijakubali. Nangoja wewe useme.

Nijibu upesi. Tafadhali.

Tuntufye


Chitete,
5 Novemba 1989

Baba Brenda,

Sina barua yako mwezi huu, kwa hiyo sijui huko mmeona nini. Lakini nadhani jua limefanya jambo, maana Jumamosi ya tarehe ishirini na moja Oktoba niliwasha redio asubuhi nikakutana na ule mvumo.

Niliita, nikaita. Brenda alikuwa mlangoni akasema, "Mama, usilie." Sikujua kwamba nalia. Nikazima, nikawasha, hakuna kitu. Nikaanza kuzunguka nyumba za wajawazito wote, mmoja mmoja, nawashika matumbo. Wote wazima. Watoto wote wazima. Nikarudi nikakaa barazani, nakodolea barabara.

Jua likapita utosini. Nikajiambia, mganga amesahau. Amekataa mafuta. Makoye alipita na ng'ombe, akaniona, akaegemea fimbo yake akasimama nami.

Halafu tukaona vumbi.

Siku hizi mto ni mkavu, gari lilivuka lenyewe likaja mpaka mlangoni. Barnaba dereva akaruka chini, Kasiani nyuma yake na machela.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Hayupo."

"Hayupo?"

"Hakuna mgonjwa. Watu wote wazima."

Barnaba alitazama gari lake lilivyojaa vumbi, akamtazama Kasiani. Nilidhani atagomba. Kasiani akaanza kucheka, akaketi palepale kwenye machela, anacheka huku anafuta macho. Mimi nikaingia stoo ya dawa, nikafunga mlango, nikalia kilio kilichonikataa tangu Machi.

Nilipotoka, Stamili alikuwa ameleta kibuyu cha maziwa ya mgando na anawamiminia. Barnaba alikunywa vikombe viwili akasema njia hii ni mbaya, lakini Jumatatu tukinyamaza atakuja tena.

Wakikupa nafasi ya kuendelea, endelea. Sisi tuko.

Wako,
Jenista